Fimbo, Mkwaju na Kiboko

Msomaji wa Gungu, Kigoma, anayekutana kwa mara ya kwanza na habari za gofu katika kurasa za michezo ana haki ya kudhani kwamba anasoma taarifa ya nidhamu ya shule ya msingi, kwa sababu chombo cha kupigia mpira huitwa fimbo, kila pigo huhesabiwa kuwa mkwaju, na mshindi ni yule aliyemaliza siku akiwa na mikwaju michache kuliko wenzake, jambo ambalo mtu yeyote aliyesoma shule za zamani anaweza kulithibitisha bila kufundishwa kanuni. Neno la tatu la ukoo huo, yaani kiboko, litaingia baadaye kidogo, na litaingia likiwa na miguu minne.

Gofu ni mchezo wa kupeleka mpira mdogo, wenye kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, kutoka mahali palipotengwa pa kuanzia hadi ndani ya shimo lenye upana wa milimita 108, kipimo kilichokubaliwa rasmi mwaka 1891 na ambacho tangu hapo hakijawahi kuongezwa hata kwa huruma. Uwanja kamili una mashimo 18, idadi ambayo haikutokana na falsafa yoyote bali na uamuzi wa wachezaji wa St Andrews, Uskoti, waliounganisha baadhi ya mashimo yao mwaka 1764 wakajikuta wamebaki na 18 badala ya 22. Uwanja mdogo una mashimo tisa tu, na anayetaka mchezo kamili huuzunguka mara mbili, akikosea mara ya pili palepale alipokosea mara ya kwanza. Inafaa kukumbusha pia kwamba Waskoti wenyewe waliupiga marufuku mchezo huu mwaka 1457, kwa kuwa vijana waliacha mazoezi ya upinde na mshale wakakimbilia viwanjani, na kwamba marufuku hiyo ililazimika kurudiwa katika miaka iliyofuata, dalili ya kutosha kwamba haikusikilizwa.

Afrika Mashariki ina viwanja kadhaa vya mashimo tisa, na karibu vyote vina umri mkubwa kuliko bendera za nchi vilimo. Moshi una wake, Arusha una wake, Morogoro una wake chini ya milima ya Uluguru. Jinja, Uganda, una wake mahali Mto Nile unapoagana na Ziwa Victoria. Na Nanyuki, Kenya, una ule uliokatizwa na mstari wa ikweta, ambapo mchezaji hodari anaweza kuupiga mpira katika nusu moja ya dunia na kuupoteza katika nusu nyingine. Vilichimbwa na maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na wafanyakazi wa reli, watu wachache waliokuwa na nyasi nyingi na jioni ndefu, na idadi ya mashimo ilitokana na hesabu rahisi ya nani atakayezikata nyasi hizo. Aliyezikata alikuwa Mwafrika, na aliyebeba mfuko wa fimbo alikuwa Mwafrika, na kwa miaka mingi hizo ndizo zilikuwa njia zake mbili za kuingia uwanjani, ingawa wabeba mifuko, ambao viwanjani huitwa makedi, walikuwa wakijifunza kwa macho, na baadaye wengi wa wachezaji wa kulipwa wa eneo hili walitoka miongoni mwao.

Jambo linalostahili uchunguzi zaidi ni kwamba gofu, tofauti na kandanda, inauruhusu kila uwanja kujitungia nyongeza za sheria zinazoitwa kanuni za mahali, yaani masharti mafupi yanayochapwa kwenye kadi ya kuandikia alama ili kumwelekeza mchezaji afanye nini pale ambapo sheria kuu, iliyotungwa na watu wa nchi ya manyunyu na kondoo, haikufikiria. Katika viwanja vikubwa vya mijini kanuni hizo huzungumzia mabomba ya maji na njia za magari, mambo yasiyomchekesha mtu. Katika uwanja mdogo wa shamba, hata hivyo, kila kanuni ya mahali ni kumbukumbu ya mkasa, kwa maana kabla haijaandikwa alikuwapo mtu fulani aliyepatwa, akabishana na mwenzake kuhusu alama, na shauri likafikishwa kwenye kamati. Kwa maoni ya mwandishi, vikaratasi hivyo ni historia iliyoandikwa na watu wasiokusudia kuandika historia, na kwa sababu hiyo ni vya kweli kuliko taarifa za serikali za wakati huo: bwana shauri alipoandika kwa gavana alisema wilaya ni shwari, ilhali alipoandika kanuni ya gofu alikiri kwamba kuna mamba.

Mfano mashuhuri ni wa Nyanza Club ya Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, ambayo katikati ya karne ya 20 ilikuwa na kanuni isemayo, kwa maana yake, kwamba mpira ukitua karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuleta hatari, mchezaji anaweza kuangusha mpira mwingine mahali pa salama, mradi asilikaribie shimo zaidi ya pale ulipokuwa, na hataongezewa mkwaju wa adhabu. Uzuri wa kanuni hiyo umo katika sharti lake la katikati, linaloonyesha kwamba kamati ilimwona mtu anayemkimbia mamba kuwa bado ana utulivu wa kuiba hatua mbili tatu kuelekea shimoni, na ikaona ni busara kumzuia mapema. Jinja nako, ambako viboko walizoea kupanda kutoka mtoni usiku, kwa kuwa kiboko hushinda majini lakini hula nchi kavu, na nyasi changa zinazokatwa mara kwa mara ni karamu asiyoweza kuipita, ilikubaliwa kwamba mpira ulioangukia katika unyayo wa mnyama huyo unaweza kuokotwa na kuwekwa kando bila adhabu. Kiboko mkubwa huzidi kilo 1,500, na unyayo wake katika udongo wenye maji ni mpana kuliko shimo lenyewe la gofu, kwa hiyo mpira una nafasi nzuri zaidi ya kuingia humo kuliko mahali ulikokusudiwa.

Huruma hii ya kanuni za Nyanza huonekana vizuri zaidi inapolinganishwa na ile ya Uingereza yenyewe, ambako mwaka 1940, wakati ndege za Wajerumani zilipokuwa zikishambulia, kilabu cha Richmond kilitoa kanuni za muda zilizosema, pamoja na mambo mengine, kwamba mchezaji ambaye pigo lake limevurugwa na bomu lililolipuka wakati uleule anaweza kupiga mpira mwingine kutoka mahali palepale, lakini ataongezewa mkwaju mmoja. Maana yake ni kwamba kiboko hana adhabu na bomu lina adhabu. Wanazuoni wa sheria wanaweza kutafuta sababu. Yaelekea tu kwamba Mwingereza alimhesabu kiboko kuwa kazi ya Mungu, na bomu akalihesabu kuwa jambo ambalo muungwana anapaswa kulizoea.

Kabla ya kufika kwenye mkasa wa karibu zaidi, neno moja linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu limewahi kuleta kutoelewana. Mshabiki anayekwenda kuitazama timu ya Mashujaa katika Uwanja wa Lake Tanganyika analifahamu neno rafu kuwa ni kosa la mchezaji kumwumiza mwenzake, kosa linalofuatwa na filimbi, kadi na maneno yasiyochapika. Katika gofu, rafu ni nyasi ndefu zinazoachwa kwa makusudi pembeni mwa njia ya nyasi fupi, ili anayepiga ovyo apate taabu ya kuutoa mpira wake; hakuna filimbi, hakuna mwamuzi anayekimbia, na aliyechezewa rafu ni mtu aliyejipeleka mwenyewe. Mgeni anayeambiwa na mwenyeji wake kwamba “umeingia rafu” na akajibu kwamba hajamgusa mtu, hajakosea Kiswahili, amekosea mchezo.

Adabu ya maandishi ya kitaalamu haimruhusu mwandishi kujitaja, kwa hiyo itoshe kusema kwamba jibu hilo lilitolewa na mkazi mmoja wa Gungu ambaye umri wake, kimo chake na viatu vyake vinalingana kabisa na vya mwandishi wa insha hii. Mkazi huyo alialikwa na rafiki yake wa shule, mtumishi wa umma aliyehamishiwa nyanda za juu, aende akacheze katika uwanja wa mashimo tisa ambao, kwa kuwa haukuwa na kosa lolote, hautatajwa. Aliondoka Kigoma kwa treni ya Reli ya Kati, ile iliyofika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1914, na kama alivyo msafiri yeyote mwenye malezi hakwenda mikono mitupu, bali alibeba kifurushi cha dagaa na dumu la lita tano la mawese, yaani yale mafuta mekundu ya mchikichi ambayo ndiyo sahihi ya Kigoma katika jikoni za watu wengine. Mfuniko wa dumu hilo, baada ya kuvumilia mtikisiko wa reli hadi Tabora, uliacha kuvumilia. Shati pekee lenye kola lililokuwa ndani ya begi lilifika likiwa na rangi ya machweo upande wa kulia na rangi yake ya asili upande wa kushoto, na kwa kuwa kilabu kilidai kola bila kutaja rangi, mlinzi wa getini alilisoma tangazo mara mbili, akalitazama shati mara moja, akafungua.

Tatizo la kwanza la uwanjani halikuwa la kifimbo bali la kiadabu, kwa sababu kedi aliyepewa mgeni alikuwa mzee mwenye mvi, aliyebeba mifuko tangu utotoni, na mtu aliyelelewa Gungu hawezi kutembea mikono mitupu huku mzee amebeba mzigo nyuma yake, maana jirani yeyote angemwona, habari hiyo ingefika nyumbani kabla yake. Mgeni alimwamkia shikamoo, akapokea marahaba, akaushika mfuko. Mzee akaushika upande wa pili. “Bosi, uache,” alisema mzee kwa upole, “ukiubeba wewe, mimi nitalipwa kwa lipi?” Hoja hiyo ilikuwa nzito kiuchumi, lakini haikuwa na nguvu kimila, na wawili hao walivutana kwa heshima kubwa kwa muda wa kutosha kuwafanya wachezaji wa nyuma yao kusimama na kuuliza kama kuna msiba. Suluhu iliyopatikana, ambayo haimo katika sheria yoyote ya gofu, ilikuwa kwamba mzee abebe mfuko na kijana abebe mwavuli na koti la mzee, na hivyo ndivyo walivyouzunguka uwanja, huku wasiowajua wakishindwa kuamua nani ni kedi wa nani.

Pigo la kwanza lilikosa mpira. Inabidi kueleza kwamba sheria ya gofu haihesabu kama mpira umeguswa, bali inahesabu nia, kwa hiyo aliyeipunga fimbo kwa kukusudia kupiga na akaipiga hewa amekwisha kutumia mkwaju mmoja, na mkazi wa Gungu alitumia mitatu akiwa bado anatazamana na mpira uleule mahali palepale ulipowekwa. Pigo la nne lilikwenda chini. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa umefundishwa na jembe kabla ya kufundishwa na fimbo, lilitoka bonge la udongo na nyasi lililoruka mbali kuliko mpira, likatua katikati ya njia kwa uzuri ambao, kama bonge hilo lingekuwa ndilo mpira, ungeshangiliwa. Mzee alilifuata, akalirudisha, akalikanyaga mahali pake kama mtu anayefukia mbegu, akasema bila kuinua sauti, “Bosi, hapa hatupandi muhogo.” Ushauri wake mwingine wote wa siku ile ulikuwa wa aina hiyo, mfupi na usiojibika. Mgeni alipoonekana akitupa jicho kwenye bendera ya mbali katikati ya kila pigo, aliambiwa autazame mpira, kwa sababu shimo halitembei.

Katika shimo la pili likatokea lile ambalo mwandishi analihesabu kuwa mgongano halisi wa tamaduni, ingawa vitabu vinavyotumia maneno hayo huyatumia kwa mambo makubwa zaidi. Gofu inadai kimya. Mtu anapokaribia kuupiga mpira kwenye grini, yaani ile sehemu inayolizunguka shimo, ambayo nyasi zake hukatwa hadi zikafanana na zulia, wenzake hunyamaza, husimama, na ikiwezekana huacha kupumua. Kwa upande mwingine, Kigoma ni nchi ya Waha, watu ambao salamu yao si neno bali ni kikao, ikisindikizwa na makofi ya taratibu na maswali kuhusu waliolala, walioamka, ng’ombe na mvua, na huko mtu akipishana na mama aliyemzidi umri bila kumwamkia hahesabiwi kuwa amenyamaza, bali amemtukana. Sasa mwenyeji alikuwa ameinama juu ya mpira, umbali wa hatua tatu na shimo, wakati mama mmoja mfanyakazi wa uwanja alipopita na reki yake begani. Mkazi wa Gungu alipima hasara za pande zote mbili kwa haraka, akachagua. “Shikamoo mama!” alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika ng’ambo ya Mto Ruiche. Mama akaitika marahaba, akauliza habari za nyumbani, akajibiwa, akauliza za watoto, akajibiwa, akasifia rangi ya shati. Mpira wa mwenyeji ulilipita shimo, ukaendelea na safari yake hadi mwisho wa zulia, ukatumbukia katika mchanga.

Mikasa mingine inaweza kupitwa haraka: fimbo iliyoponyoka ikapanda mti, mpira uliogonga mti huohuo ukarudi nyuma ya mahali ulipoanzia, na tumbili aliyekuwa akitazama yote hayo kwa utulivu wa mjumbe wa kamati. Mkasa wa shimo la sita hauwezi kupitwa.

Uwanja huo ulipakana na shamba la maharage, na mpira wa mgeni, ambao hatimaye ulikuwa umepigwa barabara, ulichagua wakati huo wa ushindi kuvuka mpaka. Sheria ya sasa humpa mchezaji dakika tatu za kuutafuta mpira, nazo zamani zilikuwa tano, na zikishapita mpira huhesabiwa umepotea hata kama unaonekana. Dakika ya pili ilimkuta mkazi wa Gungu katikati ya matuta, mbele ya bibi mwenye jembe dogo na ndoo ya plastiki, na ndani ya ndoo hiyo mlikuwa na mipira isiyopungua thelathini, ukiwamo mmoja uliokuwa bado na majimaji ya jani lililovunjwa muda si mrefu. Mgeni alimwamkia, akaeleza alama za mpira wake. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akasema ni shilingi 500. Mgeni alidai kwamba mpira ni wake. “Mjukuu wangu,” alijibu bibi, “maharage yangu yakiota upande wenu, huwa mnaniletea?” Majadiliano yalifuata, yakiendeshwa kwa ustadi ambao mgeni aliujifunza katika soko la Mwanga mjini Kigoma na bibi aliujifunza mahali pagumu zaidi, na bei ilipofika 400 mzee wa mfuko alipaza sauti kutoka mpakani kwamba dakika tatu zimekwisha. Kisheria, basi, mpira ule haukuwa tena katika mchezo, na mgeni aliununua mpira uliopotea, akaongezewa mkwaju wa adhabu, akarudi kupiga kutoka mahali pa mwanzo, na kwa pigo la kwanza akaurudisha kwa bibi. Safari hii bei ilikuwa 500 bila mjadala.

Matokeo ya siku hayahitaji maelezo marefu. Kiwango cha mchezaji hodari kwa mashimo tisa ni mikwaju 36 hivi, na upo utaratibu unaoitwa handikapu, yaani nyongeza anayopewa mchezaji dhaifu ili aweze kushindana na hodari bila aibu, ambao kiwango chake cha juu kabisa ni 54 kwa mashimo 18. Mkazi wa Gungu alifika mkwaju wa 100 akiwa bado analitafuta shimo la nane, hapo mzee akaikunja kadi kwa upole, akaitia mfukoni mwa koti lake mwenyewe, ambalo lilikuwa limebebwa na mgeni.

Katika siku mbili za treni za kurudi nyumbani ndipo swali la kitaalamu lilipozaliwa, nalo ni hili: kama Gungu ingekuwa na uwanja wake wa mashimo tisa, kanuni zake za mahali zingesemaje? Tatizo la nyasi lingetatuliwa kwanza. Katika sehemu kavu za Afrika viwanja vingi havikuwa na grini bali brauni, yaani duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machakavu ya mashine ili usipeperuke, ambalo mchezaji hulisawazisha kwa kuburuta kifaa bapa kabla ya kupiga. Mchanga wa ziwa upo wa kutosha, lakini ikitokea kamati ikapendekeza mawese badala ya mafuta ya mashine, akina mama wa Kigoma wataitisha mkutano siku hiyohiyo, na mwandishi atakuwa upande wao.

Ratiba ingefuata mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu, na mwanga wa taa hauna maana mbele ya mwezi mpevu, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi. Mashindano yoyote yasiyozingatia jambo hilo yatachezwa na makarani peke yao. Eneo la kuanikia dagaa litahesabiwa kuwa sehemu ya adhabu kali, na adhabu yenyewe itatolewa na mwenye dagaa, si na kamati. Mbuzi atahesabiwa kama kiboko wa Kisumu, ila kwamba kiboko hana mwenyewe na mbuzi anaye. Turubai la msiba likikutwa katikati ya njia, mchezo utasimama, wachezaji wataingia, watatoa rambirambi na kukaa muda wa kutosha, kisha wataendelea bila adhabu kesho yake.

Ujiji ingehitaji kifungu chake. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, penye miembe iliyopandwa kuurithi ule wa zamani, haiwezekani kuitumia kanuni ya dakika tatu, kwa sababu Stanley, aliyetumwa kumtafuta, aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na kumpata mtu wake Ujiji mwezi Novemba, na kama angekuwa chini ya sheria ya gofu angelazimika kurudi Bagamoyo kuanza upya, akiwa ameongezewa mkwaju, kabla hajaziacha nyumba za mwisho za mji huo. Mpira utakaoanguka chini ya miembe ile, kwa hiyo, utatafutwa kwa miezi minane, na atakayeuona atapaswa kuukaribia kwa heshima na kuuliza kwanza kama ndio wenyewe.

Mpira utakaoingia ziwani una mfano wake pia. Mahali pengine mpira wa majini hugharimu mkwaju mmoja na kusahauliwa, na katika ziwa lenye kina cha mita 1,470 kusahau ni jambo la busara. Lakini Kigoma ina meli ambayo Wajerumani waliiunda Papenburg, wakaileta vipande vipande, wakaiunganisha hapa na kuishusha majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwezi Julai 1916 baada ya kuzipaka injini zake grisi, na Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaipa jina la Liemba na kuirudisha kazini mwaka 1927. Miaka kadhaa chini ya maji, na hakuna aliyehesabiwa mkwaju. Kamati ya Gungu haitakuwa na msingi wowote wa kumtendea mchezaji wa kawaida kwa ukali zaidi ya huo.

Kanuni zote hizi ziko tayari na zimekwisha kuandikwa kwa mkono safi nyuma ya kadi ya yule mzee, ambaye aliirudisha kwa posta pamoja na salamu na mpira mmoja aliouuziwa na bibi kwa shilingi 300, bei ya mwenyeji. Kinachokosekana ni ardhi. Mwenye eneo Gungu lisilo na mwinuko, muhogo wala kesi anaombwa ajitokeze; mashimo tisa yasipoenea, matatu yatatosha, na yatazungukwa mara sita.